Shikamoo ya Siku Kumi na Tisa

Odilia aliwahi kunukuu hotuba nzima ya mkuu wa mkoa kwa hatimkato, amesimama mvuani, daftari kalikinga kwa khanga, na hakukosa hata neno moja. Mtu wa namna hiyo hababaishwi na mambo madogo. Kwa hiyo Noela alipofika kwake Matarawe siku ya Alhamisi, macho yamevimba, kusema kwamba baba yake atairudisha barua ya posa bila kuifungua, shangazi mtu aliuliza tu kosa ni lipi.

Kosa lilikuwa kwenye simu. Remmy, muuguzi wa zahanati huko Lusewa, alikuwa amemwandikia baba mkwe mtarajiwa: "Shkm mzee. Mshenga atakuja J2 ya tar 15 bd ya misa. Asnt sn." Mzee Hironimus aliusoma ujumbe ule, akavua miwani, akatangaza mbele ya nyumba nzima kwamba kijana mvivu wa kumalizia shikamoo atakuwa mvivu wa kulisha mke. Hakujibu, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia jina la Remmy.

"Tena anasema wewe utamuunga mkono," Noela alisema. "Umekuwa katibu muhtasi miaka thelathini, hukuwahi kuruka hata nukta."

Odilia alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Nenda kachague kitambaa cha sendofu. Barua itafunguliwa."

Hakuwa akimfariji mtoto. Hironimus alikuwa mdogo wake wa kufuatana, na hakuna aliyemjua kama yeye.

Jumapili ya tarehe kumi na tano, misa ilipokwisha, Odilia aliwahi kuketi sebuleni kwa Hironimus, Bombambili. Mshenga, mzee Aidan, alikuwa ameshafika na bahasha yake imefungwa kwenye leso nyeupe. Hironimus akatoka chumbani na koti lake la misa, uso wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Shikamoo dada."

Odilia akakoroga chai.

"Dada, nimekusalimia."

"Nimekusikia."

Mama Noela, aliyekuwa analeta chupa ya chai, akasimama mlangoni asijue aingie au arudi. Mzee Aidan akaanza kuikagua dari. Shikamoo isiyoitikiwa si mchezo. Mtu mzima huanza kujihesabia makosa yake tangu utotoni. Hironimus, mwenyekiti wa jumuiya, mwenye wajukuu watano, alibaki amesimama katikati ya zulia lake mwenyewe, mikono haina pa kwenda.

"Nimekukosea nini?" akauliza hatimaye.

"Inauma?"

"Inauma, dada. Mbele ya mgeni."

"Mimi nimekunyima dakika mbili. Remmy umemnyima siku kumi na tisa."

"Ile haikuwa shikamoo," Hironimus akasema, sauti imepanda. "Ni herufi nne. Hata wewe ukiwa kazini usingeipitisha."

Odilia alikuwa akilingoja neno hilo. Akafungua mkoba, akatoa daftari lililokunjika pembe, akaliweka mezani. Kurasa zilijaa vikulabu na mikwaruzo ya hatimkato, ambayo mtu mwingine angedhani ni ya mtoto anayejaribu kalamu.

"Hii ni siku ile Peramiho, wodini, baba anatuaga. Pumzi ilikuwa inamwishia, akawa anasema haraka, nami nikaandika kwa haraka yake. Ile karatasi ya taipu unayoitunza kwenye Biblia ilitoka hapa. Sasa niambie, nilimkosea baba heshima?"

Hironimus akavaa miwani. Akainama juu ya daftari, akafuata mstari mmoja baada ya mwingine kwa kidole.

"Mimi niko wapi hapa?"

Odilia akamwonyesha kwa kidole. Kilikuwa kikulabu kidogo chenye nukta ubavuni.

"Hiki tu?"

"Hicho tu. Baba alikutaja akilia, Hironimus, na nilikuandika machozi yananitoka. Yote yamo humo. Kijana yule anaandika huku wagonjwa wako foleni, na bado akaanza na salamu. Mpigie."

Hironimus akaona haya, na hakuificha. Akatoa simu, akapiga. Upande wa pili sauti ikapokea kwa hofu, nyuma yake mtoto akilia kwa sindano.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akasogeza simu karibu na mdomo. "Na ile uliyoniandikia pia, mwanangu. Marahaba."

Akakata simu, akaketi, akaivuta leso kwa mshenga na kuanza kulifungua fundo. Huko jikoni, alikokuwa ametega sikio, Noela alikuwa amekwisha kuangusha sufuria.

"Marahaba, mdogo wangu," Odilia akasema, akainua kikombe chake. Chai ilikuwa bado ya moto.