Jina Lililotoka Mgodini

Jina letu la ukoo lina watu wake: daktari bingwa wa upasuaji, jaji, na golikipa aliyebandikwa jina Komeo. Jaji ndiye baba yangu mdogo. Alipostaafu alitaka kijitabu cha ukoo, na kwa kuwa mimi ni mpiga chapa, kazi ikaniangukia.

"Anza na asili ya jina," akaniambia. "Watu wajue tulikotoka."

Aliyeijua ni shangazi peke yake. Nilimkuta akikunja nguo. Aliposikia swali, mikono ikasimama.

"Babu yako alikuwa akiitwa mara ngapi ndipo aitike?"

"Mara mbili. Tulidhani ni masikio."

"Masikio yalikuwa mazima. Alikuwa anamwachia mwenyewe aitike kwanza."

Akanisimulia. Ujanani babu alichimba mgodini, akiishi chumba kimoja na rafiki yake. Siku moja akashikwa na homa, na asiyeingia zamu alifukuzwa kazi. Rafiki yake, aliyekuwa na mapumziko, akachukua kadi ya babu akashuka badala yake. Adhuhuri mgodi ukaporomoka. Orodha ya waliokufa ilipobandikwa ukutani, babu akasoma humo jina lake mwenyewe. Chumbani ilibaki kadi ya rafiki. Akaichukua, akahama nayo, na jina lililoandikwa humo ndilo letu.

"Kila siku alisema kesho atakwenda kueleza," shangazi alisema. "Akaoa, akatuzaa, bado ni kesho."

Kuanzia hapo kusahihisha kurasa kukawa adha. Kila nilipolifikia jina letu nilihisi kuna mtu nyuma ya kiti changu, anasoma pamoja nami, hana haraka. Mara mbili niligeuka.

Nikafunga safari. Mgodi ulishafungwa, ila makaburi yapo, na lile lenye jina la kuzaliwa la babu lilikuwa limepaliliwa vizuri.

"Kuna bibi huja," mlinzi akasema. "Baba yake alikuja kuchimba hapa, hakurudi. Jina lake halimo kwenye jiwe lolote. Basi anapalilia yote, asije akamruka."

Akanionyesha nyumba yenye mlango wa buluu. Bibi alifungua mwenyewe.

"Wewe mtoto wa nani, mjukuu wangu?"

Nikamtajia jina langu lote. Akalirudia polepole, akashika mwimo wa mlango.

"Nani alikupa jina la baba yangu?"

Nilimweleza tukiwa tumekaa, bila kuficha kitu. Hakulia. Aliuliza kama babu alikuwa mpole kwa watoto wake, nikasema ndiyo, sana. Akaniomba nimpeleke kaburini. Alikaa pale mpaka jua likatuchoma, kiganja kikiwa juu ya jiwe alilolisafisha miaka arobaini bila kujua.

Baba mdogo alininunia wiki nzima, kisha akakubali ukurasa wa kwanza uwe wa mchimbaji yule. Gharama za kuchonga jiwe upya akazibeba yeye.

Siku ya kazi tulisimama wote, sisi na bibi. Mchonga mawe akaweka patasi juu ya jina la babu, akageuka.

"Hili nikishalifuta, litaandikwa wapi?"

Tulitazamana. Patasi ikaanza kugonga.