Wakata Kadibodi wa Mwaka wa Kwanza

Kila mwaka chuo chetu kinapofungua milango, hutafutwa watu wa mwaka wa pili na kuendelea wapande jukwaani kuwashauri wageni. Sharti ni moja tu: uwe umefaulu. Hata kama ulifaulu kwa bahati na sala za mama yako, siku hiyo unageuka mwenye hekima. Nami niliitwa. Nilivaa gauni la kuazima na uso wangu mwenyewe, ambao nyumbani wanasema haujui kuficha kitu.

Ukumbi ulifurika. Wageni wa usanifu majengo huwakosei: kila mmoja ana bomba jipya la plastiki la kubebea michoro, linaning'inia mgongoni, na ndani hamna kitu. Wazazi walikaa kandokando wakijipepea kwa ratiba.

Aliyeanza ni jirani yangu wa bwenini, tuliyemwita Jogoo kwa sababu mwaka mzima hakuna aliyewahi kumwona macho kabla jua halijawa kali. Akawaambia wageni kwamba siri ya kufaulu ni kudamka alfajiri. Wazazi wakampigia makofi. Akafuata bwana mmoja aliyenakili michoro yangu pamoja na makosa yake, akahimiza watu wajitegemee. Ama kweli nyani haoni kundule.

Kisha akasimama Nguzo. Huyu yuko mwaka wa mwisho, na jina amelipata kwa kuchomeka nguzo kwenye kila anachobuni, hata kibanda cha mlinzi. Mavazi safi, sauti ya mtangazaji, na watu wote wa madarasa ya chini huwaita "mdogo wangu", kwa hiyo hana haja ya kujua jina la mtu.

"Wadogo zangu," alisema, "kaeni karibu na wakubwa. Washikieni kisu. Mimi mnayeniona hapa nilijifunza hivyo."

Kushika kisu ni desturi yetu, na ni desturi ya kipuuzi. Wiki ya kukabidhi kazi, wa madarasa ya juu hutengeneza modeli kubwa za majengo kwa kadibodi, na kukata vile vikuta na vidirisha kunavunja mgongo. Basi wanawakusanya wa mwaka wa kwanza wawakatie, kwa ahadi kwamba watafundishwa. Wanachofundishwa ni mkubwa anapenda chai yenye sukari kiasi gani. Na wiki hiyohiyo, mwaka wa kwanza nao wana modeli zao za kukabidhi! Hilo halimkoseshi mtu usingizi.

Mimi pia niliwahi kuitwa. Niliondoka siku ileile, nilipotumwa chai mara ya pili. Haikuwa akili, ilikuwa hasira tu, na nadhani ndiyo iliyonivusha mwaka.

Mwenzangu wa chumbani hakuwa na hasira. Tulimwita Kimya. Ana mkono ambao sijauona kwa mtu mwingine: ukuta aliokata yeye huachi kuugusa, ukingo wake ni laini na pembe zake zinakutana bila kubembelezwa. Nguzo alipopata habari alimchukua, na Kimya akahamia mezani kwake, vidole vikajaa plasta. Nilipomuuliza kazi yake itakuwaje, alinijibu, "Kaka akimaliza ataniangalizia." Kaka alimaliza. Modeli yake imewekwa kwenye kabati la kioo pale mlangoni, ina zawadi na ina jina lake peke yake. Ya Kimya, zahanati ndogo ambayo kila wa mwaka wa kwanza hupewa kubuni, ilibaki na msingi na ukuta mmoja. Anarudia mwaka, na chuoni kwetu hakuna kurudia mara mbili. Akianguka tena, ni kufunga virago na kwenda nyumbani kumtazama baba yake usoni.

Siku hiyo alikuwa ameketi nyuma, katikati ya wale wageni wenye mabomba matupu. Kumwona pale kuliniuma kuliko nilivyotarajia.

Zamu yangu ikafika. Mwenyekiti wa wanafunzi alikuwa amenielekeza niseme juu ya nidhamu na matumizi ya maktaba. Nikashika kipaza sauti.

"Wadogo zangu," nikasema, "mkishiba ushauri, nisikilizeni. Atakayewaambia mje mumkatie kadibodi ili mjifunze, mwambieni akakate kucha zake. Mtasahihishiwa zahanati zenu, hamtasahihishiwa chai yake. Kama yeye ni fundi kiasi hicho, kwa nini vidonda viko kwenye vidole vya wengine?"

Walicheka! Walicheka mpaka wakashikana mabega. Walidhani ni vichekesho vya kukaribisha wageni. Mhadhiri wetu alikodolea macho dari. Nguzo ndiye aliyecheka kuliko wote, akanipokonya kipaza sauti kwa upole.

"Dada yenu ana maneno! Haya, wenye mikono myepesi, nyoosheni niwaone."

Ikawa kama sikusema kitu. Mikono ilichipuka ukumbi mzima, na kule nyuma, nikauona wa Kimya.

Nilishuka jukwaani, nikapenya hadi kwenye safu yake nikikanyaga miguu ya wazazi wa watu.

"Shusha huo mkono," nikamwambia.

"Aliniambia nikirudi nimtafute. Safari hii atanisimamia kazi yangu kwanza."

"Na mwaka jana si aliahidi hivyohivyo?"

"Mwaka jana alikuwa hanijui. Sasa ananijua. Ile modeli ni mikono yangu, hawezi kunisahau."

Nilikuwa na jibu kali mdomoni, lakini Nguzo alikuwa ameshaanza kupita safu kwa safu akichagua watu. Akafika kwetu. Akamtazama Kimya usoni, karibu kabisa, akatabasamu lile tabasamu lake la mgeni rasmi.

"Na wewe, mdogo wangu, karibu chuoni. Umewahi kushika kisu?"

Nilitamani kumzaba kofi, na nilitamani kumfunika Kimya kwa kanga asionekane. Mkono wa Kimya ukashuka taratibu, na kovu la kidole cha shahada likapita mbele ya macho ya yule bwana bila yeye kuliona.

"Sijawahi," akasema.

"Ah, basi wewe subiri wakubwa wa mwakani. Mimi natafuta wazoefu."

Kimya akasimama, akavaa mkoba wake.

"Mwakani nitakuwa mwaka wa pili," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka jukwaani.