Dada Ngoja na Pampu ya Saba

Ofisini walimwita Dada Ngoja, na jina lenyewe alilipata kihalali. Alifanya kazi kwenye mfuko wa uwekezaji, ule unaotia mtaji katika kampuni changa na kuzilea mpaka zisimame. Kampuni zilikuwa ishirini na nane. Zamani watu watatu walisoma taarifa zake mpaka macho yakawaiva, na mara nyingi walikuja kujua kampuni inaumwa ilhali imeshakata roho. Siku hizi usomaji ulifanywa na mawakala, yaani programu za akili mnemba, kila moja na zamu yake: huyu anasoma hesabu, yule barua za wateja, mwingine maneno ya vikao vilivyorekodiwa kwa ridhaa ya wote. Lakini hakuna lililotoka kwa mawakala likafika kwa wakubwa bila kupita mezani kwa binadamu mmoja, naye ndiye huyu dada. Skrini yake ilikuwa na vitufe vitatu: Pitisha, Kataa, Ngoja. Alivyokipenda hicho cha tatu, wenzake walimtania kwamba hata siku ya kuposwa alijibu hivyohivyo.

Jumanne moja asubuhi, chai yake haijapoa, ilimjia taarifa ya kampuni ya pampu za visima. Mwanzilishi wake alikuwa mwanamke wa makamo aliyejulikana kwa jina moja tu, Fundi, kwa sababu alikuwa akiinamia pampu inayonguruma, akatega sikio, akakutajia ugonjwa wake kabla hujafungua hata skrubu moja. Sasa wakala wa hesabu alisema oda zinachelewa mwezi wa tano mfululizo, na alipendekeza mtaji wa awamu ya pili usimamishwe. Dada Ngoja hakushangaa. Yeye mwenyewe alikuwa amemwona Fundi akikwepakwepa maswali vikaoni.

Chini ya hapo palikuwa na maneno machache ya wakala wa vikao. Akayasoma, akarudia.

“Katika miezi saba, mwanzilishi amejibu maswali kumi na tisa kwa majibu ya maswali mengine. Kabla ya hapo, hakuna hata moja. Yote kumi na tisa yaliulizwa kwa spika ya kikao au na watu wenye sauti ndogo. Maswali ya maandishi ameyajibu sawasawa. Sijui sababu, na si kazi yangu kukisia mambo ya mwili wa mtu. Napendekeza anayemfahamu aende akamwone.”

Vikao sita vya miezi hiyo alikuwamo, amekaa kiti cha pili kutoka kwa Fundi, na hakuona kitu. Na kitu kisicho na macho wala masikio kilikuwa kimepita katika bahari ya maneno ya kampuni ishirini na nane, kikaokota huo uzi mwembamba, kisha kikajua pia mahali pa kukomea. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya asogeze kiti na kuyasoma mara ya tatu.

Mkurugenzi, aliyepita na kuchungulia pendekezo juu ya bega lake, alikuwa na haraka. Alitaka jambo lifike kwenye kamati Alhamisi, na alimkumbusha kwamba mashine yenyewe imesema wasimamishe.

“Mashine imesema mambo mawili, bosi,” alimjibu. “Wewe umesoma moja. Mimi nimebonyeza Ngoja mpaka nikamwone Fundi na kurudi.”

Kesho yake alikwenda kwenye karakana ya Fundi. Mlangoni alipokewa na wifi yake Fundi, msimamizi wa stoo, mwanamke mwenye maneno mengi, na siku hiyo yalizidi. Aliuliza habari za safari, za ofisi, za watoto, mradi tu mgeni asisogee. Ndani kulikuwa na harufu ya grisi na mngurumo wa pampu kumi zikijaribiwa juu ya meza ndefu ya chuma. Fundi alikuwa amewapa mgongo. Dada Ngoja akamwita. Akamwita tena, kwa sauti ya juu. Hakugeuka.

Wifi mtu akaishiwa maneno. Akapiga mguu kwenye sakafu ya mbao mara mbili, na Fundi akageuka huku anatabasamu, tabasamu likafia midomoni alipomwona mgeni.

Dada Ngoja alitoa daftari, akaandika: “Tangu lini?” Fundi akasoma, akavuta kreti, akakaa.

Alisema kutosikia kulianza mwaka uliopita, sikio la kulia kwanza, kisha la kushoto, na daktari alimwambia usikivu hautarudi. Alimweleza wifi yake tu, na tangu hapo simu zote za karakana zilipita kwa wifi. Oda zilichelewa kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine kukagua pampu. Alizikagua zote kwa mkono wake.

“Niambie wewe, dada,” alisema. “Nani atampa mtaji fundi pampu asiyesikia pampu?”

Dada Ngoja akaandika: “Unazikaguaje?”

Fundi alinyanyuka. Aliweka kiganja juu ya pampu ya kwanza, akafumba macho, akahamia ya pili, ya tatu. Kwenye ya saba alikawia. Alizungusha kiganja taratibu, akakiacha pembeni karibu na shafti inayozunguka, kisha akasema beringi imeanza kulika. Kidude cha kupimia kilichofungwa juu ya pampu hiyo kiliwaka taa ya kijani, maana yake pampu ni nzima. Wifi akaizima pampu, wakaifungua. Kwenye beringi palikuwa na mkwaruzo mmoja, mwembamba kama unywele.

Dada Ngoja aliweka kiganja chake juu ya pampu ya nane, akafumba macho naye. Alichopata ni mtetemo tu. Aliufungua mkono wa Fundi na kuutazama kama mtu aliyepewa kitu cha thamani akishike kwa muda.

“Nani alikuambia habari zangu?” Fundi aliuliza.

Akamwandikia yote: ni wakala, programu inayosoma vikao, haikujua chochote, ilisema tu mtu aje. Fundi alisoma mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka mpaka akafuta machozi.

“Mume wangu tunalala kitanda kimoja,” alisema, “na mpaka leo anadhani nimekuwa mkaidi.”

Kabla ya kuondoka, Dada Ngoja alimwahidi kwamba habari ya masikio haitafika kwenye kamati kwa kalamu yake. Mwenye mwili aseme mwenyewe akitaka. Fundi alitaka. Usiku ule alimwambia mumewe kwanza, na Alhamisi akasimama mbele ya kamati, maneno ya kila muulizaji yakijiandika kwenye skrini mbele yake. Alijibu moja baada ya jingine bila kukosea njia. Mkurugenzi aliomba kuonyeshwa hiyo beringi, akaishika muda mrefu. Mtaji ukaendelea, kwa sharti moja: Fundi awafundishe mafundi wawili kusoma pampu kwa kiganja.

Dada Ngoja alirudi mezani kwake na kikombe cha chai. Kwenye pendekezo la kusimamisha alibonyeza Kataa, akaandika sababu na kuweka sahihi. Kisha akafungua kumbukumbu za vile vikao sita na kuvisoma polepole. Katika cha nne aliyeuliza alikuwa yeye: “Kwa nini mnachelewesha oda?” Na Fundi, akimtazama usoni kwa upole, alikuwa amejibu: “Asante, dada, nyumbani wote wazima.”

Aliisoma mistari hiyo miwili mpaka chai ikapoa.