Risala ya Mama Hope

Mwalimu Ansbert hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Angekuwa mbaya tungemlaani tukaendelea na shughuli zetu. Alikuwa mwalimu mstaafu, Mhaya wa maneno mengi na mashati yaliyonyooka pasi, ambaye badala ya kukaa kwake Segerea afuge kuku kama wastaafu wenzake, alikodi ghala kuukuu la mashine ya kusaga kule Vingunguti, akalipachika kibao: Chuo cha Rudi Darasani. Walikuja humo watu wazima ambao shule iliwapita kando. Wachinjaji walitoka machinjioni na mabuti yao, mama lishe walikuja wakinuka vitunguu, na vijana waliomaliza vifungo vyao waliketi nyuma karibu na mlango. Walifundishwa kusoma, kuandika, ushonaji na hesabu za biashara. Ada ilikuwa chochote ulichonacho, na wengi hawakuwa na chochote.

Mama Hope alikuja wakati wa masika. Jina lake hasa ni Tupokigwe, Mnyakyusa wa Tukuyu, muuza ndizi soko la Buguruni, mwanamke mpana mwenye sauti ya kumgeuza mteja aliye ng'ambo ya barabara. Miaka yote aliyoishi mjini hakuwahi kusoma hata kibao cha duka, na hakuna aliyejua. Kwenye jumuiya ya kanisani, zamu yake ya kusoma Neno ikifika, alikuwa amesahau miwani nyumbani. Miwani yenyewe ilikuwa ndani ya pochi, ya kununua kwa machinga, na macho yake yalikuwa mazima kuliko yako. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Alijifunza kwa hasira, kama mtu anayedai kitu chake. Siku moja Mwalimu Ansbert alipokuwa akisahihisha madaftari alifurahishwa mno na la Mama Hope, akamwandikia maneno mengi kwa wino mwekundu, ukurasa ukajaa. Mama Hope alipolifungua, uso ukamshuka.

"Nimekosa wapi, mwalimu, kote huku?"

"Hujakosa popote. Hebu soma."

Akasoma kwa kidole, silabi kwa silabi, akakuta anasifiwa mwandiko, bidii na akili. Hakucheka wala hakushukuru. Alikaa vile vile mpaka wenzake wakaondoka mmoja mmoja, ndipo akasema.

"Hope akiwa la nne, nilikuwaga nakagua madaftari yake kila jioni. Sijui kusoma, lakini vema naijua, na kosa nalijua. Mwalimu akiandika maneno mengi mekundu, mie nilijua ni mashtaka. Sasa siku hiyo mtoto kaja anarukaruka, daftari limejaa wekundu, ananiambia mama, mwalimu kanisifu. Nikaona huyu keshanijua kwamba sijui kusoma, ananifanya mjinga. Nikampiga kwa ule wekundu, halafu nikampiga tena kwa uongo."

Alilifunga daftari lake.

"Hakuniletea daftari tena. Shule yenyewe aliiacha kidato cha pili, sasa hivi anashona mapazia ya watu huko Temeke. Krismasi anakuja, msibani anakuja, anakaa kidogo, anaaga. Na mie nilikuwa nasema mtoto huyu ana moyo mgumu. Mpaka leo, mwalimu, ndio najua alikuwa anasema kweli."

Mwalimu Ansbert alifunika kalamu yake nyekundu. Baadaye akamwambia amtafute mwanawe amweleze.

"Nitamwambia mwenyewe," akasema Mama Hope. "Lakini sio kwa simu. Nataka kwanza anione nasoma, ajue sitafuti kisingizio. Halafu nimpikie, nimkalishe, tuwe wawili tu. Nimwambie taratibu. Akitaka kunitukana, anitukane, akitaka kulia, alie. Na wewe hiyo ni siri yangu, mwalimu. Nimekwambia kwa sababu wewe ndio umeniandikia."

Mwalimu alisema siri hiyo imeingia kisimani. Siku ile alimaanisha.

Mwenye ghala akapata mnunuzi, na chuo kikapewa miezi michache kiondoke. Chuo kilikuwa na kiwanja Segerea, kuta zimefika kwenye lenta, juu hakuna kitu, na ndani mchicha wa porini umeota. Ikaundwa kamati ya harambee. Mwenyekiti alikuwa Revelian, dalali wa viwanja, mtu anayejua kupata fedha mifukoni mwa watu kama daktari wa meno anavyojua kupata jino. Ukumbi wa kanisa ukaazimwa. Mgeni rasmi akapatikana, Alhaji Sadallah, mfanyabiashara wa vipuri wa Kariakoo, mzee mwema mwenye mkono mzito kidogo katika kutoa.

Palipo na mgeni rasmi pana risala. Mnajua zinavyokwenda: kwanza kumkaribisha na kumsifu, kisha mafanikio, kisha changamoto, na changamoto ndiyo njia ya adabu ya kusema tusaidie. Mwalimu alitaka isomwe na mwanafunzi, wageni wasikie kwa masikio yao chuo kinafanya nini. Hapakuwa na mjadala. Akapewa Mama Hope.

Alivyofurahi, hata ndizi zake zilipungua bei wiki hiyo. Aliisoma risala mezani pake, wateja wakisubiri. Aliisoma jikoni. Akampigia simu Hope, akamwambia Jumamosi aje Segerea ukumbi wa kanisa, kuna jambo, halafu watarudi pamoja nyumbani, amemwekea ndizi za mzuzu na nyama. Hope akasema atakuja. Mama Hope alimweleza Mwalimu habari hiyo kwa sauti ya chini, kama msichana anayeposwa.

"Jumamosi hiyo hiyo, mwalimu. Tukirudi tu, namwambia."

Kwa hiyo Mwalimu alijua. Nataka hilo lieleweke vizuri kabla hatujaendelea.

Siku ya kuamkia harambee, Revelian aliisoma ile risala, akairudisha mezani.

"Mwalimu, humu umejaza takwimu. Watu hawatoi kwa takwimu. Sadallah mie namjua, ukimwambia idadi ya wanafunzi atakupa mifuko ya saruji na soda moja ya kunywea. Mpe mtu. Mtoe machozi, pochi itafuata yenyewe. Huna kisa hata kimoja kwenye hilo ghala lako?"

Mwalimu akasema hana. Usiku hakulala vizuri, akiona wanafunzi wake wakirudishwa mmoja mmoja kwenye miwani yao ya uongo. Asubuhi akaenda kwa mwenye kompyuta wa pale mtaani, akaongeza aya mwishoni. Mtu anayetaka kujidanganya hakosi sababu, na Mwalimu alikuwa nazo tatu za kuanzia: jina la mtoto hakulitaja, kisa chenyewe ni kizuri na hakina aibu, na yeye Mwalimu atamdokezea Mama Hope mapema wakifika ukumbini. Ninavyomfahamu, ile ya tatu aliiamini kabisa.

Alichelewa kufika. Viti vilikuwa vimepungua, maiki inakoroma, Alhaji yuko njiani. Mama Hope alikuwa amesimama kando ya jukwaa, amevaa kitenge kipya na kilemba, midomo inatembea bila sauti. Mwalimu akamnyang'anya karatasi zake za zamani akampa mpya.

"Nimeongeza kidogo mwishoni. Utaweza?"

"Nitaweza, mwalimu," akajibu, na akatabasamu kwa fahari. Mwezi uliopita maneno mapya yangemtisha.

Hapo ndipo Mwalimu angeweza kusema. Palihitaji sentensi moja. Lakini gari la Alhaji likapiga honi nje, naye akakimbia kwenda kupokea wageni.

Mama Hope alisoma. Alisoma polepole, kila neno likitoka limenyooka, na ukumbi ukatulia, maana kila mtu aliona kwamba huyu mama hakuzaliwa na kusoma. Hope alikuwa safu ya tatu, mwembamba, mkoba magotini, mdomo wazi kidogo. Yakapita mafanikio. Zikapita changamoto. Ikaja ile aya.

"Mgeni rasmi, mimi ninayesoma mbele yako, niliwahi kumpiga mwanangu kwa sababu alisifiwa shuleni. Mwalimu wake alimwandikia sifa kwa wino mwekundu, na mimi, kwa kutojua kusoma, nilidhani ni makosa. Alipojitetea, nilimpiga tena kwa kusema uongo."

Akainua macho kumtafuta Mwalimu Ansbert, na Mwalimu akainama kutazama viatu vyake. Kisha Mama Hope akarudi kwenye karatasi, akamalizia mpaka "tunaomba kuwasilisha", akashuka, akapiga goti, akamkabidhi Alhaji risala kwa mikono miwili kama ilivyo desturi.

Makofi yalikuwa bado kuanza vizuri pale mshereheshaji, kijana mmoja Brightson, aliponusa riziki yake. Akadaka maiki.

"Jamani, huyo mtoto yuko wapi? Yumo humu ndani?"

Muuza nyanya mmoja wa Buguruni, kwa nia njema kabisa, akanyoosha kidole safu ya tatu. Hope akavutwa mpaka mbele. Wakasimama mama na mwana wakitazamana, hatua chache kati yao, na Brightson katikati na maiki yake.

"Sista, umesikia alichosema mama. Mbele ya mgeni rasmi, mbele ya Mungu, tuambie. Umemsamehe mama?"

Akamsogezea maiki mdomoni. Ukumbi mzima ukamngoja. Hope alitazama watu, akatazama maiki.

"Nimemsamehe," akasema.

Vigelegele vikapasua dari. Muziki ukawekwa, akina mama wakaja wakicheza kuwatunza, wakiwabandika noti usoni, mabegani, kwenye kilemba, na wale wawili wakakumbatiana katikati ya noti. Alhaji Sadallah alijifuta macho kwa leso, akasimama, akasema paa la chuo lote ni lake, mbao, bati na fundi. Revelian akamkonyeza Mwalimu. Mwalimu alikuwa akilia kwa furaha, na sitamnyima machozi yake, yalikuwa ya kweli. Ila katikati ya kulia aliuona uso wa Mama Hope juu ya bega la mwanawe. Noti imemganda kwenye paji. Macho makavu, yamefumbuka, yanatazama ukuta.

Jumatatu hakuja darasani. Jumanne hakuja. Paa likapigwa, bati likang'aa mpaka majirani wakalalamika, chuo kikahamia Segerea. Mwalimu alijiambia atakwenda kumwona mafundi wakimaliza. Mafundi wakamaliza, akajiambia wakishapaka rangi. Mtu mzima mwenye digrii akaanza kuikwepa Buguruni, akawa anazunguka na kupitia Tabata hata akiwa na haraka. Majuto ni mjukuu, na huyu alimjia babu yake mapema.

Mwishowe alikwenda. Mama Hope alimwona kwa mbali, akampangusia kigoda.

"Shikamoo, mwalimu. Kaa. Chuo kinaendeleaje?"

"Marahaba. Kinaendelea. Kiti chako kipo." Akakaa kwenye kigoda. "Mama Hope, nimekuja kuomba radhi. Nilitakiwa nikuambie. Nilitakiwa nisiandike kabisa."

"Ndio," akasema Mama Hope, bila hasira, akipanga chane za ndizi. "Ulitakiwa."

"Ulipoiona ile aya, ungeiruka tu. Hakuna ambaye angejua."

"Ningerukaje? Mie bado nasoma neno moja moja. Nikija kujua limesema nini, lishatoka mdomoni."

Mwalimu, aliyemfundisha yeye mwenyewe kusoma namna hiyo, hakulifikiria hilo hata siku moja. Kisha akashika lililobaki la kushika, kama tufanyavyo sote.

"Lakini Hope alikusamehe. Tulisikia wote."

"Mlisikia." Mama Hope akaacha ndizi, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Siku ile tulirudi nyumbani, akala, akaosha vyombo. Sasa hivi anakuja kila Jumapili, ananiletea sukari. Ukimwona utasema mtoto kapatikana. Nikitaka kumwambia, Hope mwanangu, siku ile ya daftari, ananikatiza. Ananiambia mama, yale si yaliisha, si nilishakusamehe. Anacheka, anabadilisha mazungumzo. Hajalia. Hajanitukana. Hajaniuliza hata neno moja."

"Labda kweli yameisha."

"Labda." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike. "Mie mwenyewe pale mbele, na maiki ile mdomoni, na watu wote wale, ningesema nimesamehe hata kama sijasamehe. Nawe ungesema. Sasa mwalimu, mie nitajuaje? Siwezi kumwomba tena, keshanipa. Na alichonipa, sikijui."

Mteja akauliza bei ya chane. Mama Hope akainuka kumhudumia, na Mwalimu Ansbert akabaki kwenye kigoda.