Radi Haikujua Jina Lake

Radi ilipompiga Momanyi katika shamba lake la pareto pale Gesima, alasiri moja ya mwaka 1961, mkewe Kwamboka alikuwa akimfuata nyuma na kikapu chake. Wote wawili walianguka. Aliyeinuka ni mke peke yake.

Matanga hayajaisha, maneno yakaanza. Radi haimwendei mtu bure, watu walisema, na mbona imemwacha mke? Hakuna aliyemshtaki kwa wazee, lakini siku ya Sabato kanisani benchi lake lilibaki wazi kushoto na kulia kwake. Hata Persis, jirani waliyekuwa wakisaidiana naye kupalilia, akaanza kupitia njia ya juu ili wasikutane.

Mwana wa Kwamboka, Makori, alikuwa bado sekondari. Aliyasikia yote, na tangu hapo aliisoma fizikia kama mtu anayedai jibu. Alimaliza Makerere, akaenda Uswidi, akarudi na shahada ya uzamivu, akaajiriwa Nairobi kufundisha fizikia ya matumizi, ile inayotoka kwenye karatasi ikamfae mtu. Wenzake walishughulika na transista na miale ya jua. Yeye alichagua radi. Kila likizo alikuja nyumbani na vyombo vyake, akavisimika kilimani kupima mawingu. Kijijini wengine wakanong'ona kwamba sasa anajifunza kuituma radi, kama mama yake.

Kwamboka hakuwahi kumuuliza lolote, hadi siku moja mwaka 1973, walipokuwa wakichuma maua ya pareto pamoja.

"Makori, baba yangu," alisema bila kuinua kichwa, "wewe umesoma. Niambie, mimi nilifanya nini?"

Makori akaacha kuchuma. Kumbe miaka yote hiyo mama naye aliyaamini yale maneno!

"Hukufanya kitu, Mama. Radi hutafuta kilichoinuka kuliko vingine. Baba alikuwa mrefu, jembe begani, juu kabisa ya kilima. Haikujua jina lake. Wala lako."

"Haikutujua?"

"Haimjui mtu yeyote."

Kwamboka akaketi pale pale kati ya maua, akalia kilio ambacho siku ya mazishi kilimkataa. Makori akaketi kando yake na suruali yake ya Nairobi, akamshika mkono mpaka akatulia.

"Basi kawaambie," mama akasema.

Sabato iliyofuata mchungaji alimpa nafasi baada ya ibada. Makori, aliyezoea kuhutubia wasomi, alitokwa na jasho. Alieleza kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani, akikwama hapa na pale, kisha akaonyesha waya wa shaba atakaoufunga kwenye paa la kanisa ili uiteremshe radi ardhini.

Mzee Machogu akasimama. "Unasema si Mungu anayeituma?"

"Ya Mungu anayajua mchungaji, Mzee. Mimi najua moja: mama yangu hakuituma."

Wapo waliotoka wakitikisa vichwa. Lakini kesho yake Persis alifika uani na mkungu wa ndizi kichwani.

"Kwamboka, sijui nianzie wapi."

"Usianze. Ingia, mvua inakuja."

Makori alipopewa uprofesa, mwaka 1978, mama yake alipanda basi hadi Nairobi kusikiliza mhadhara wake, Persis akiwa naye. Waliketi mbele, vitambaa vyeupe vichwani, Kiingereza kikiwapita kama upepo.

"Anasema nini?" Persis akanong'ona.

"Sijui," Kwamboka akajibu, macho hayabanduki kwa mwanawe. "Lakini tazama wanavyomsikiliza."