Bibi wa Ghorofa ya Chini

Bamurange alikuwa na sheria zake za kuishi ughaibuni, na hakuna ndugu yake aliyepanda ndege bila kusomewa. Yeye ndiye aliyetangulia kufika Louisville, Marekani, miaka tisa iliyopita, akapata nyumba ya kupanga kule Newburg na kazi ya kufunga maboksi kwenye ghala moja la Jeffersontown. Kaka yake Gatera alipofika Columbus, alifundishwa kwa simu namna ya kupanda basi na kusoma bili. Kostansia, mtoto wa shangazi yao, alipoangukia Buffalo katikati ya Januari, ni Bamurange aliyemwambia aache bomba lidondoshe maji usiku kucha ili yasigande. Wote walimwita Yaya, kama watu wa Kivu wanavyomwita dada mkubwa, na jina hilo alilivaa kama koti la Jumapili.

Sheria ya kwanza ilikuwa hii: mlango ukigongwa na humtegemei mtu, usifungue.

"Huku hakuna mutu anagonga juu ya kukupatia kitu," alisema kila mara. "Anagonga juu ya kukamata."

Basi ikafika zamu ya Spés, kitinda mimba. Mama yao alifariki kwenye kambi ya wakimbizi Spés akiwa na miaka minne, na Bamurange ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamsomesha. Kabla ya kukata roho mama alisema: mtoto wa kwanza wa huyu, wewe ndiye utakayempokea, wewe ndiye utakayempa jina. Neno la marehemu si la kuchezea. Lakini ndege za wakimbizi hazimuulizi mtu anataka kwenda wapi. Spés na mumewe Bisogo walipelekwa Hispania, mji wa Zaragoza, mimba ikiwa ya miezi minne, na Bamurange alikuwa hajapata pasipoti. Wakakubaliana kwamba siku ikifika simu itakuwa wazi, na Yaya atakuwa wa kwanza kumwona mtoto na kutamka jina. Jina alikuwa nalo tayari: Gisubizo, yaani jibu.

Mwezi wa kwanza Spés aliuliza kila kitu, na Bamurange alijibu kila kitu, hata asichokijua. Alimwambia anunue mchele gunia zima. Spés akasema hapa watu wananunua mkate mmoja mmoja, kila asubuhi, kwa miguu. Alimwambia aende dukani saa yoyote, maduka ya ng'ambo hayafungwi. Spés akaenda saa tisa mchana akakuta mtaa mzima umeshusha milango ya chuma, watu wamekwenda kula na kulala.

Kisha likaja jambo la gauni. Katika jengo lile nguo huanikwa kwenye kamba nje ya dirisha la jikoni, na siku moja gauni la Spés lilichomoka kwenye vibanio likaanguka hadi uani. Kesho yake mlango ukagongwa. Spés, mtoto mtiifu, akakaa kimya kitandani amebana pumzi. Siku ya pili ukagongwa tena. Siku ya tatu alisubiri hatua ziondoke, akachungulia. Gauni lilikuwa limetundikwa kwenye kitasa, limefuliwa, limepigwa pasi.

"Yaya, nilisikia haya sana," alisema kwenye ujumbe wa sauti. "Donc nilishuka, na miye nikamugongea. Ni mubibi wa ghorofa ya chini. Anaitwa Doña Pilar."

Bamurange aliusikiliza ujumbe ule mara tatu, ndani ya gari lake, mbele ya ghala. Miaka tisa Newburg, na jirani wa ukuta mmoja hakumjua hata jina. Aliyempigia pasi hata leso hakuwahi kutokea. Tusizungushe maneno: ilimuuma.

Tangu hapo hapakuwa na ujumbe usio na huyo bibi. Doña Pilar amenipeleka sokoni, amenionyesha dengu nzuri. Doña Pilar amenisindikiza kwa mkunga. Doña Pilar anamfumia mtoto soksi.

"Soksi!" alisema Bamurange, ambaye soksi alishanunua, jozi sita, ziko kwenye boksi zikingoja kupelekwa posta. Akapiga simu hapo hapo. "Nini njo anatafuta kwako huyu bibi? Muzungu hakupatie kitu ya bure. Kesho atakuomba umufulie."

"Yaya, iko peke yake. Batoto yake wote wako mbali."

"Peke yake njo nini? Na miye je?"

Bamurange akajuta, maana la mwisho hakukusudia kulisema.

Akatafuta wa kumuunga mkono. Gatera, huko Columbus, alicheka mpaka akakohoa. "Yaya, hiyo ni wivu."

"Wivu na mubibi wa miaka makumi nane? Uko mugonjwa?"

Akampigia Kostansia, aliyekuwa akiishi upande wa Kensington-Bailey, Buffalo. Huko ndiko alikochomwa hasa. "Bon, nikuambie kitu, Yaya, usikasirike," alisema Kostansia. "Ile sheria yako ya mulango niliivunja wiki ya pili. Theluji ilijaa mpaka dirishani, jirani akagonga na koleo mukononi, nikafungua. Mpaka leo tunakula pamoja. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Bamurange akakata simu. Siku mbili nzima alimjibu Spés kwa kile kidole gumba cha kwenye simu, bila neno.

Siku yenyewe ilikuja Jumanne, wiki mbili kabla ya tarehe ya kujifungua. Kwenye ghala lile simu huachwa kabatini kabla ya zamu kuanza. Bamurange alipofungua kabati wakati wa chakula alikuta simu kumi na moja alizokosa, na picha moja. Bibi mwenye nywele nyeupe, miwani ikining'inia kwa kamba, amempakata mtoto mchanga.

Yeye. Wa kwanza. Moyo ulimwaka Bamurange. Alishamnyang'anya mdogo wake, sasa amemnyang'anya na neno la mama! Akaivuta picha kwa vidole, akatafuta kosa. Kichwa cha mtoto kilikuwa juu ya kiwiko, shingo imeegemezwa, blanketi limebanwa sawasawa. Kosa hakuliona, na hilo lilimkera kuliko yote. Nusura arudishe simu kabatini. Ndipo akaona kuna na ujumbe wa sauti.

"Yaya, nilikuita, nilikuita. Maji ilimwagika niko peke yangu jikoni. Bisogo iko kwa kazi, na kule nako simu wanaacha kwa kabati. Sikuweza kutembea. Nikagonga sakafu na mwiko. Doña Pilar akapanda ngazi na sapatu zake za kulalia. Mulango ilikuwa wazi, Yaya. Unisamehe. Tangu ile gauni sifungake tena na ufunguo. Hatukufika hata hospitali, mutoto alitokea ndani ya ambulansi, mikono ya Doña Pilar njo ilimupokea. Ni mutoto mwanamuke. Sasa watu wa hospitali wako hapa na karatasi, wanataka jina. Doña Pilar amewakatalia. Anawaambia iko dada Amerika, mungoje. Wamekuja mara tatu, mara tatu anawafukuza. Yaya, uko wapi?"

Kengele ya kurudi kazini ililia. Bamurange hakuinuka kwenye benchi. Alipiga simu ya video, na kilichotokea kwenye kioo kilikuwa jicho moja la kijivu nyuma ya miwani, limesogea mno. Bibi alisema maneno mengi ambayo Bamurange hakuelewa hata moja. Kisha akaigeuza simu, taratibu, mpaka kwenye uso wa mtoto, akaishikilia hapo bila kutikisika.

"Sema jina, Yaya," ilisikika sauti ya Spés, imechoka.

"Gisubizo."

Bibi akalirudia jina, akaliharibu. Akalirudia tena. Mara ya tatu likakaribia.

"Wanauliza kama iko na jina la pili."

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, anaonyesha saa. Bamurange alijifuta macho kwa ncha ya fulana yake ya kazi. Angeweza kusema hakuna.

"Muandike Pilar," alisema. "Lakini iandikwe ya pili. Umenisikia, Spés? Ya pili."