Mvua za Miaka Miwili

Tarehe 14 Julai 1953 kulipambazuka na baridi kavu Kimara, bila wingu hata moja. Leodegar alimaliza sala ya asubuhi, akapiga magoti shambani na kufukua shimo la mahindi. Punje zilikuwa kavu vilevile kama alivyozifukia.

Katika darasa la jioni alikuwa amefundishwa kwamba nchi za Mediterania hupata mvua wakati wa baridi, na kwamba ziko nchi zilizo katikati ya tabia hiyo ya nchi na ile ya tropiki, yaani ya nchi za joto. Miaka miwili mfululizo mvua kubwa ilinyesha Juni, wakati wa baridi, basi akaamini Kimara ni mojawapo. Masika ya mwaka huu yalipomwagika, majirani walipanda, lakini yeye alimkataza mkewe, Tekla, kuteremsha mbegu zilizoning'inia juu ya meko. Alizipanda zote Juni.

"Bwana Mediterania!" jirani yao Gregori aliita akipita na mkewe, Margareta. "Mvua yako imepanda meli gani?"

Tekla, aliyesimama kando ya mumewe, hakucheka. "Mwalimu alisema tabia ya nchi hupimwa miaka mingapi?"

"Thelathini," Leodegar alijibu polepole. "Mie nilipima miwili."

"Na mbegu alizoniachia marehemu mama yangu zimekwisha."

Leodegar alisimama, magoti yamejaa vumbi. "Gregori, Margareta, nisikieni. Mbele ya Mungu na mbele yenu, kuanzia leo siku ya kupanda ataisema Tekla, nami nitashika jembe bila kubisha."